Wifi Aliiba Sandwichi Yangu ya Bakuli

"Asijue kabisa! Akijua atavuruga kila kitu. Mwache aoshe vyombo vyake huko."

Ndugu zangu, sauti ile niliijua.

Ilikuwa ya wifi yangu. Mke wa kaka yangu wa damu. Mtu ninayekaa naye nyumba moja, ninayemsuka nywele kila Jumapili!

Nilikuwa nje ya mlango wa stoo, ndoo tupu mkononi. Nilifuata sabuni. Sabuni yenyewe sikuichukua tena.

Ndani nikamsikia bosi wetu akicheka.

"Na una hakika watu watakipenda?"

"Bosi, nakuambia! Nyumbani walikula watu ishirini, wakakomba bakuli kwa vidole. Inaitwa sandwichi ya bakuli. Hapa hakuna aliyewahi kuileta."

Sandwichi ya bakuli...?

Ile yangu???

Nikageuka, nikaondoka kwa vidole vya miguu kama mwizi, wakati aliyeibiwa ni mimi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Mimi shule niliishia darasa la nne, mama alipougua akakosa wa kumwangalia. Alipofariki, kaka akanichukua kwake. Wifi ndiye aliyenitafutia kazi pale anapofanya yeye, kwenye ukumbi wa sherehe. Yeye ni msimamizi wa wahudumu. Anaongea na watu mia bila kikohozi.

Mimi naosha vyombo. Wenzangu wananiita Kimya.

Si kwamba sina maneno. Ninayo, tena mengi. Yakifika kooni yanakaa chini. Mwaka jana niliambiwa nipeleke keki mbele ya wageni, nikajifungia chooni mpaka wageni wakaondoka. Keki ikapelekwa na mlinzi.

Sasa pale jikoni kuna sehemu inaitwa meza baridi. Hapo panaandaliwa saladi, matunda, sandwichi, vyote visivyopita kwenye moto. Meza ile iko dirishani. Ina upepo, ina mwanga. Mimi kwenye sinki naikodolea macho huu mwaka wa pili.

Mama aliyekuwa akiishika alikuwa anastaafu. Bosi akatangaza kwamba anayetaka nafasi ile alete chakula kimoja baridi cha watu sitini, siku ya sherehe ya kumuaga. Kadi yenye jina itawekwa chini ya bakuli, uso chini. Watu waonje kwanza, jina baadaye.

Jamani, niliitaka nafasi ile!

Mara tatu nilifika kwenye mlango wa bosi kuandikisha jina langu.

Mara tatu nikajikuta nimerudi kwenye sinki.

Na chakula nilikuwa nacho! Wiki mbili kabla, kaka alialika timu yake ya mpira nyumbani. Wifi alikuwa amechoka, mkate wa sandwichi za watu ishirini hautoshi, na mimi kupaka vipande kimoja kimoja nisingemaliza hata kesho yake.

Nikawaza... kwani lazima vitu vikae ndani ya mkate? Si mkate unaweza kuvifuata viliko?

Nikachukua kuku wa kuchemsha aliyepoa, nikamkatakata. Soseji za ng'ombe, nikakatakata. Jibini, kitunguu, pilipili hoho, matango ya siki, nyanya, majani ya saladi, vyote vidogo vidogo. Nikavisonga kwa mayonezi na haradali kidogo kwenye bakuli kubwa la plastiki. Mkate nikaukata vipande, nikaukausha kwenye oveni mpaka ukalia kra! Nikaweka pembeni, kila mtu achovye mwenyewe.

Golikipa wao alikaa na bakuli lile mapajani kama mtoto wake. "Hili halipiti mtu!" anasema, huku anachota.

Usiku ule ule wifi akachukua daftari.

"Wifi, niambie ulivyofanya. Naandika, tusije tukasahau."

Nikamwambia. Mimi kuandika nachelewa, yeye kalamu inakimbia. Nilifurahi hata kuona mawazo yangu yamekuwa maandishi.

Kumbe...!

Sasa mmeelewa kwa nini sabuni sikuichukua tena?

Saa tatu asubuhi, siku ya sherehe yenyewe, wifi akaniita jikoni.

"Wifi, njoo mara moja."

Mbele yake palikuwa na bakuli la chuma, kubwa kama la kuogeshea mtoto. Daftari liko wazi pembeni. Aliongea upesi upesi, macho yakiwa kwenye kisu.

"Nimeambiwa itengenezwe ile yako ya kuchovya, kwa ajili ya wageni. Nimefuata daftari. Hebu angalia, kuna kitu nimesahau?"

Nikaangalia.

Nyanya zilikuwa zinaogelea kwenye maji yake.

Ndugu msomaji, hapa ndipo palipo na kazi. Nyanya ikishakatwa, unaitia chumvi, unaiacha ilie. Kisha unaiweka kwenye kitambaa safi unaikamua mpaka ikauke. Matango ya siki, vivyo hivyo. Na majani ya saladi hayagusi bakuli mpaka wageni wameshakaa. Usipofanya hivyo, mayonezi inakuwa maji, na baada ya saa chache una supu ya mtori.

Kwenye daftari halikuwemo hilo. Sikumficha siku ile. Kwangu kukamua nyanya ni kama kunawa mikono, nani anakumbuka kumwambia mtu anawe mikono?

Lakini sasa nilikumbuka. Nilikumbuka vizuri sana.

"Wifi? Kuna kitu?"

Masikioni mwangu nasikia: mwache aoshe vyombo vyake huko.

"Hakuna."

"Una uhakika?"

"Iko sawa. Changanya tu vyote, weka kwenye friji."

Akanishika bega. Akatabasamu! Nikasema moyoni, cheka, cheka mama. Saa tisa haiko mbali.

Nikarudi kwenye sinki. Sahani moja niliiosha mara nne.

Saa tisa alasiri ukumbi ukajaa. Wafanyakazi, waume, wake, watoto, na wateja wetu wa siku zote. Mama wa meza baridi ameketi mbele, gauni jeupe, maua kifuani. Mezani mabakuli matatu.

Mimi nilisimama kwenye kile kidirisha cha kupitishia vyombo vichafu. Kutoka pale unaona kila kitu, wewe huonekani.

Mama akaanza na saladi ya matunda. Akaitikia kwa kichwa, nzuri. Akaja kwenye mayai ya kuchemsha yaliyojazwa viungo. Nayo nzuri.

Akachukua kipande cha mkate, akachovya kwenye bakuli la wifi...

Chururu!

Rojo jepesi kama maziwa likamwagika kutoka kwenye mkate, likashuka kwenye gauni jeupe, kuanzia kwenye maua mpaka magotini.

Mama akainuka, akalishika gauni.

Halafu mzee mmoja nyuma akauliza, "Samahani, hiyo ni ya kuchovya au ya kunywa?"

Watu wakapasuka!

"Leteni vijiko!"

"Leteni vikombe kabisa!"

"Mkate umezama, mwiteni mwokoaji!"

Wifi yangu amesimama pale na sinia la mkate mkononi. Nyie, yule mwanamke anayeongea na watu mia, mdomo ulikuwa wazi na hakuna kinachotoka. Akafanana na mimi.

Na mimi kwenye kidirisha changu nilikuwa natabasamu. Nakiri. Meno yote nje.

Bosi akanyamazisha watu, akaanza kugeuza kadi. Bakuli la matunda lilikuwa la mkata keki wetu. La mayai lilikuwa la dereva wa gari la vyombo, watu wakashangaa, wakapiga makofi.

Akainua kadi ya tatu. Akaisoma kimoyomoyo. Akamtazama wifi.

"Nisome?"

Wifi akatikisa kichwa polepole. Hapana.

Nikasema, eeh, aibu imekushika sasa! Isomwe!

Mkata keki ana kiherehere cha kuzaliwa nacho. Akainyakua kadi mkononi mwa bosi, akasoma kwa sauti:

"Chakula hiki kimebuniwa na Kimya wa kwenye sinki. Mwenyewe ana aibu, lakini onjeni, mtamjua."

...

Ndugu zangu.

Kimya wa kwenye sinki ni mimi.

Tabasamu lilinikauka usoni kama sabuni. Nikasikia mtu anasema, "Kumbe ndiyo maana ina maji!" Wakacheka tena. Sasa walikuwa wananicheka mimi.

Halafu wifi akapata sauti.

"Jamani, msimcheke yeye. Yeye hata hajaigusa. Nimeitengeneza mimi, nimekosea mimi. Mapishi yake ni mazuri, mikono yangu ndiyo mibovu."

Ananitetea...! Mbele ya watu sitini, ananitetea mimi!

Sijui miguu ilinitoa vipi jikoni. Nilijikuta katikati ya ukumbi, nimevaa aproni iliyolowa, povu mpaka kwenye viwiko.

"Hapana," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikarudia.

"Hapana! Hajakosea. Aliniuliza kama kuna kitu amesahau. Nilijua. Nikamwambia hakuna. Nyanya hazikukamuliwa, na mimi niliziona."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyowahi kusema mbele ya watu. Laiti yangekuwa mengine.

Wifi alinitazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika! Alinitazama kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta ukuta.

Akaweka sinia chini, akatoka nje.

Bosi alinipeleka pembeni.

"Binti, unajua kuitengeneza vizuri?"

"Ndiyo, bosi."

"Na kuiharibu unajua. Sikiliza. Pale meza baridi chakula hakipiti kwenye moto. Kikiwa na tatizo, hakuna kitakachokisafisha kabla hakijafika kinywani mwa mtu. Pale nahitaji mtu ambaye nikimuuliza 'kiko sawa?' akisema ndiyo, iwe ndiyo. Umenielewa?"

Nilimwelewa.

Nafasi akapewa mkata keki.

Nyumbani nilimkuta wifi amekaa kitandani na viatu miguuni. Nikapiga magoti mlangoni.

"Ulitusikia stoo," akasema. Hakuuliza.

"Ndiyo."

"Ulisikiliza mpaka mwisho?"

"Hapana... niliondoka."

"Ungesubiri kidogo. Nilimwambia bosi ukijua mapema utajifungia chooni kama siku ile ya keki. Nikamwambia acha waonje kwanza, wakishasifia, nitamshika mkono mwenyewe nimlete mbele. Siku mbili nimelala na mapishi yako kichwani, mimi nisiyeweza hata kukaanga yai bila kulipasua."

Nikalia. Nikasema nilidhani ameniibia.

"Ungeniuliza."

"Niliogopa, wifi."

"Mimi nilikuuliza," akasema. "Mara mbili."

Hapo nilikosa pa kuweka uso.

Tangu siku ile hakuniita wifi tena. Akawa ananiita "wewe." Wewe, chakula tayari. Wewe, taa inawaka. Jumapili nywele akaenda kusuka saluni. Kaka akatuangalia kama mtu anayetazama mpira ambao hajui sheria zake.

Wiki tatu!

Ndugu msomaji, nimekaa muda mrefu nikiamini msaliti ni yule anayesema vibaya nyuma ya mlango. Kumbe anaweza kuwa yule aliyeko upande wa pili wa mlango huo huo, aliyesikia nusu, akaondoka, akaenda kujitungia nusu iliyobaki. Nusu ile niliyoitunga mimi ndiyo iliyomwaga rojo kwenye gauni la mama wa watu. Ukijikuta mlangoni unateta na moyo wako, gonga. Ingia. Uliza hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilijua kusema "hakuna" bila kutetemeka, nikashindwa kusema "wifi, mbona unanifanyia hivi?"

Na aibu yangu nilikuwa naidhania ni upole. Siyo. Siku ile ilikuwa kisu.

Jumapili iliyopita kaka alialika tena timu yake. Golikipa alishatuma ujumbe tangu Ijumaa kuuliza kama bakuli lake lipo.

Wifi akaingia jikoni. Akaweka daftari mezani, na kalamu juu yake.

"Andika kilichobaki."

"Mimi? Mwandiko wangu si..."

"Andika wewe. Kwa mkono wako."

Nikakaa. Nilichukua muda, herufi zangu kila moja inaelekea kwake. Lakini niliandika: *Nyanya tia chumvi. Ziache zilie. Kamua kwa kitambaa mpaka zikauke. Majani ya saladi yawe ya mwisho, wageni wakishakaa.*

Akasoma. Akasoma tena.

"Hivi tu?"

"Hivi tu."

"Yaani kitambaa? Kitambaa ndicho kimenivua nguo mbele ya watu sitini?"

Nikaangalia chini. Nikasikia kitu kama kikohozi. Nilipoinua macho, alikuwa anajizuia kucheka, amejiziba mdomo kwa kiganja.

Akavuta droo, akatoa kitambaa cheupe, kipya, akanitupia kifuani.

"Haya, wifi. Nyanya hizo. Na safari hii nikikuuliza, unijibu."