Chumba cha Shangazi

Kila Jumamosi alasiri, wanawake sita na seremala mmoja walikutana sebuleni kwa Mama Mapazia. Walikuwa na chama cha kupamba nyumba. Wiki moja walipamba nyumba ya mwanachama, wiki ya pili walipamba bure penye shida. Seremala alikuwa mume wa Mama Mapazia. Alisema amejiunga kwa hiari yake. Kila aliposema hivyo, mkewe alikohoa kidogo.

Mwezi huo walipamba chumba katika nyumba ya wazee. Kilikuwa cha shangazi yake seremala, mwalimu mstaafu. Walipaka rangi ya manjano, wakatundika mapazia mapya. Nje, chini ya dirisha, walirundika udongo ukutani na kupanda maua, ili shangazi ayaone akiwa kitandani.

Baada ya wiki tatu rangi ya ukuta wa dirishani ilivimba kama malengelenge. Ukungu mweusi ukatokea. Shangazi akaanza kukohoa, na muuguzi akamhamishia ukumbini kwa wenzake wanane.

"Ni watu wema," shangazi alisema, "lakini wanakoroma kama kwaya. Nirudishieni chumba changu, wanangu."

Chama kikapaka tena. Rangi ikavimba tena.

"Basi tuweke kabati mbele ya ukuta huo," alisema Mama Mapazia.

"Ukuta utauficha," mumewe alijibu. "Kikohozi cha shangazi utakificha wapi?"

Usiku huo, nyumbani, Mama Mapazia alipiga magoti akamwomba Mungu kwa sauti amwonyeshe kosa lake katika ukuta ule. Asubuhi jirani yao, mwashi wa miaka mingi, alibisha hodi.

"Jirani, nimesikia sala yako. Ukuta wetu ni mwembamba. Twende nikauone huo ukuta mgonjwa wa shangazi."

Mwashi alibandika kipande cha nailoni ukutani, akaziba kingo zote kwa utepe. Baada ya siku mbili walirudi.

"Tazama. Matone yangekuwa juu ya nailoni, ningesema ni mvuke wa humu chumbani. Lakini yako nyuma yake. Maji yamo ndani ya ukuta."

Akatoka nje, akasimama mbele ya maua.

"Nani anayamwagilia?"

"Wahudumu. Niliwaagiza ndoo mbili kila siku," Mama Mapazia alisema kwa fahari.

"Udongo umepanda juu ya msingi," mwashi alisema taratibu. "Mnaunywesha ukuta, dada."

Siku hiyo hiyo waliondoa udongo mpaka msingi ukaonekana. Maua waliyahamishia kwenye makopo, mbali na ukuta. Walijifunga vitambaa puani, wakakwangua rangi na lipu mbovu. Madirisha yakaachwa wazi.

"Tupake lini?" Mama Mapazia alimuuliza mwashi.

"Nailoni ikibandikwa tena na kutoka kavu. Haraka haraka haina baraka."

Wiki ya sita nailoni ilitoka kavu. Mwashi akapiga lipu mpya, nayo wakaiacha ikauke vizuri. Ndipo wakapaka rangi.

Shangazi alirudi chumbani. Kikohozi kilikuwa kimekwisha. Aliupapasa ukuta kwa kiganja, akamshukuru Mungu, akamshukuru na mwashi.

"Leo nitalala bila kwaya," alisema.

Muuguzi alicheka. "Wale wanane nao wanashukuru, bibi. Wanasema kiongozi wa kwaya ameondoka."

Tangu siku hiyo, Mama Mapazia haendi kupamba bila kipande cha nailoni mkobani. Hugusa ukuta kwanza. Brashi hungoja.