Honi Iliyovishwa Nguo

Kila Jumatatu asubuhi fundi cherehani hupakia mapazia kwenye gari lao dogo, na mkewe huyapeleka kwa wateja. Siku hiyo mama yake fundi naye alitaka kwenda, akachague kitambaa ghalani. Nyumba nzima humwita Bibi.

Mke alibonyeza honi kumwita. Ikatoa mlio mwembamba: kwii.

"Bado ina mafua hiyo?" Bibi aliuliza akifunga mkanda. "Hata mimi na miaka yangu nakohoa vizuri zaidi."

"Baba Mapacha, ipeleke kwa fundi wa magari," mke alisema. "Mwezi wa pili huu inalia hivi."

"Gari linakwenda kwa injini, Mama Mapacha, haliendi kwa honi," mumewe alijibu, akacheka.

Ghalani walisimama nyuma ya lori. Gari jingine likasimama nyuma yao. Mara lori likaanza kurudi nyuma. Mama Mapacha akabonyeza honi. Kwii. Akaibonyeza kwa mikono miwili. Kwii. Dereva wa lori hakusikia kitu. Mpakiaji mmoja ndiye aliyeona, akapiga ubavu wa lori kwa ngumi mpaka likasimama.

Lakini chuma cha nyuma cha lori kilikuwa kimeshavunja kioo cha mbele. Kilisimama shubiri moja kutoka kifuani kwa Bibi. Mapajani mwake palijaa vipande vya kioo. Hakulia. Alishikilia mkoba wake, macho wazi, na tangu hapo hakusema neno.

Alasiri gari lilikuwa gereji, kwa fundi umeme wa magari, dada ambaye mtaa mzima humwita Waya. Baba Mapacha alikuja mbio, tepu ya kupimia bado shingoni. Bibi aliketi kwenye benchi, mkoba bado kifuani.

Waya aliangalia fyuzi kwanza. Nzima. Kisha akaipa honi umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kwii.

"Basi ugonjwa uko kwenye honi yenyewe," alisema. "Ingelia vizuri hapa, ningetafuta kasoro kwenye nyaya au swichi ya usukani."

"Kwani inalia vipi?" Mama Mapacha aliuliza.

"Ndani kuna kiwambo, bati jembamba kama ngozi ya ngoma. Ukibonyeza, umeme unaamsha sumaku, sumaku inavuta kiwambo. Kikivutwa, umeme unakatika, kinarudi. Unawaka tena, kinavutwa tena. Mamia ya mara kwa sekunde moja. Kutetemeka huko ndiko mlio. Kikishika kutu, kinatetemeka kivivu. Kwa hiyo sauti ikikwaruza, ikififia, au ikilia leo na kesho ikagoma, na nyaya ni nzima, usiibembeleze honi. Ibadilishe."

Akaifungua. Kitu cheusi kilikuwa kimeziba mdomo wake. Akakivuta. Kitambaa kilichooza, kinachuruzika maji, kimeshonwa vizuri na kutiwa lastiki.

"Nani kaivisha honi kofia?"

Baba Mapacha alikichukua. Aliutambua upindo. Ulikuwa mshono wake mwenyewe. Akakaa chini, hapohapo kwenye oili.

"Mapacha walikuwa wachanga," alisema taratibu. "Honi ilikuwa inawaamsha. Nikaishonea hii ipunguze sauti, nikasahau. Sasa wana miaka minne." Alimtazama Bibi. "Kumbe nilikuwa namshonea mama yangu sanda."

Waya alikichukua kitambaa, akakikamua.

"Kimetunza maji ya mvua miaka yote hiyo, kiwambo kikashika kutu," alisema. "Honi mpya nitaifunga mdomo ukitazama chini, maji yasituame." Alipomaliza kuifunga, akamwita Baba Mapacha: "Njoo ubonyeze mwenyewe."

Alibonyeza. Sauti ikajaa gereji. Mkoba wa Bibi ukaanguka.

"Mafua yamekwisha," alisema Bibi.

Siku hizi, kabla mkewe hajaondoka, Baba Mapacha hubonyeza honi kwanza, na Bibi hujibu kutoka ndani: "Nimesikia."

Mwezi uliofuata, ghalani, lori jingine lilianza kurudi nyuma. Mama Mapacha alibonyeza mara moja. Lori likasimama palepale. Dereva akachungulia, mkono kifuani.

"Umenishtua, mama."

"Ndiyo kazi yake," alijibu Bibi kutoka kiti cha mbele.