Kikombe cha Buluu

Kila Jumamosi asubuhi nyumba yetu huamshwa na sauti mbili: cherehani ya mama sebuleni, na mdomo wa mdogo wangu. Mama ni fundi wa nguo, na siku hiyo wateja huja kuchukua kazi zao. Mdogo wangu ana miaka sita, na sote tunamwita Redio kwa sababu hakuna analoliona asilitangaze. Mimi niko darasa la saba. Kazi zangu jikoni hazikuwa zimebadilika tangu nikiwa mdogo: kumenya vitunguu na kuosha vyombo. Kupika chakula cha wageni nilikuwa sijawahi kuaminiwa hata mara moja.

Jumamosi moja mjomba alikuwa anamleta bibi, ambaye aliruhusiwa kutoka hospitali baada ya kulazwa wiki tatu. Bibi alikuwa ametuma salamu kwamba uji wa hospitali umemchosha. Anachotaka ni mayai ya kuoka ya mama. Ni mayai yanayopigwa pamoja na maziwa, yakamiminwa juu ya vipande vya mkate, vitunguu, nyanya na jibini, kisha yakaokwa kwenye trei mpaka yashikane na kukatika vizuri kwa kisu. Nilimganda mama wiki nzima aniachie niyapike peke yangu. Mwishowe akachoka.

"Haya, jiko nakuachia," alisema. "Daftari liko kabatini. Fuata kilichoandikwa, usijitungie yako."

Sasa, daftari la mama lina jambo moja ambalo mgeni hawezi kulijua. Kila palipoandikwa "kikombe," maana yake si kikombe chochote. Ni kile cha buluu kisicho na kishikio, ambacho mama alikuja nacho kutoka kwa bibi. Unga, sukari, mchele, maziwa, vyote hupimwa kwa kikombe hicho tangu sijazaliwa. Na kikombe hicho ndicho nilichokivunja Ijumaa jioni. Nilikuwa nimepanga vyombo safi mlima mzima ili nimalize haraka. Kikaporomoka kutoka juu, kikagonga ukingo wa sinki na kuwa vipande vitatu.

Niliganda palepale. Nikisema, niliwaza, mama ataninyang'anya jiko usiku huuhuu. Nikavifunga vipande ndani ya kitambaa cha vyombo na kuvisukuma nyuma ya ndoo ya unga. Kisha nikaenda kulala nikijitia hamnazo.

Asubuhi saa moja na nusu nilifungua daftari: maziwa vikombe vinne, mayai manane, mkate vipande vinane. Nilichukua kikombe cha kijani, kile kikubwa ambacho baba hunywea chai. Kikombe ni kikombe, nikajiambia. Nikapima vinne.

"Umepima vizuri?" mama aliuliza kutoka sebuleni, cherehani ikiendelea kulia.

"Nimepima, mama."

"Kwa kikombe chetu?"

"Ndiyo, mama."

Uongo ulinitoka kirahisi hata mimi nikashangaa. Nilipomimina, trei ilijaa hadi ukingoni. Mama akipika hubaki nafasi ya upana wa kidole. Niliiona tofauti hiyo, nikaamua kutoiona. Saa mbili kamili nikaiingiza trei kwenye oveni na kufunga mlango kwa kujiamini kama mpishi wa hoteli.

Saa tatu kasoro robo nilifungua. Pembeni palikuwa na rangi nzuri ya kahawia. Nikaitikisa trei. Katikati mayai yalicheza huku na huko kama maji ya ndoo.

"Bado maji!" Redio alipaza sauti.

"Nyamaza wewe!"

Nikaongeza dakika kumi. Bado maji. Nikaongeza moto. Pembeni pakaanza kuungua, katikati maji vilevile. Nilikuwa na hasira hadi machozi yananilenga: hasira na oveni, hasira na mayai, na hasira zaidi na Redio, aliyekuwa akikimbilia sebuleni kila baada ya dakika mbili kutoa taarifa. Na wakati huohuo nikasikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Wageni wamefika.

Bibi alikuwa amekonda. Alikaa taratibu, akavuta harufu hewani, akatabasamu. "Nimeyasikia tangu barabarani," alisema. "Leo nitakula."

Nilitamani ardhi inimeze.

Saa tatu na nusu mama aliacha cherehani na kuja jikoni. Alitikisa trei, akakunja uso. "Sijawahi kuona hivi. Umeweka mayai manane?"

"Manane, mama. Maganda haya hapa."

"Basi ni oveni."

Baba ni fundi umeme. Kwake hakuna shida ambayo bisibisi haiwezi kuimaliza. Alizima oveni, akaitoa trei, akafungua kifuniko cha nyuma, akapima waya mmoja baada ya mwingine. Robo saa ikapita, trei inapoa mezani, matumbo yananguruma sebuleni. Mwishoni alisimama na kujipangusa mikono.

"Oveni haina ubaya wowote," alisema. "Moto upo wa kutosha."

Nilijua haina ubaya. Nilisimama pale nikimshikia kopo la skrubu, nikijua kabisa, na ulimi ukakataa kufunguka. Nilikuwa nimekwisha sema "ndiyo, mama." Kila dakika iliyopita ilifanya neno lile kuwa zito zaidi.

Mjomba naye akaingia. Mjomba wetu ana moyo mzuri, ila ana jibu la kila kitu kabla hujamaliza kuuliza. Alichungulia trei, akachekea puani.

"Dada, hilo ni suala la maziwa. Anayewauzia anatia maji."

"Huyo mama ananiletea maziwa mwaka wa saba huu," mama alisema.

"Ndiyo maana amekuzoea. Mayai yapo, moto upo. Kimebaki nini?"

Nilimwona mama akiangalia trei, kisha kopo la maziwa, na nilimwona akianza kuamini. Muuza maziwa alikuwa nyumba ya tatu tu, tulimsikia akigonga kopo lake la kupimia kuita wateja. Mama akamwita pale mlangoni. Alijaribu kuuliza kwa upole, lakini mjomba hakusubiri.

"Mama, maziwa yako yametuharibia chakula cha mgonjwa. Umetia maji kiasi gani?"

Yule mama alitua ndoo yake chini. Ni mtu wa utani. Mimi hunisalimia "mchumba wa mwanangu" kila akiniona. Siku hiyo hakutania. Alitoa mfukoni kipimo chake cha kioo, akakitumbukiza katika maziwa aliyobeba, na kukiacha kielee mbele ya macho yetu.

"Tazameni wenyewe. Alama hii ndiyo ya maziwa yasiyo na maji. Kila asubuhi nayapima kabla sijatoka."

"Hayo ni ya leo," mjomba alisema. "Yaliyoko kwenye trei ni ya jana."

Majirani wawili walikuwa wameshasimama kusikiliza. Redio alikuwa katikati yao, macho yamemtoka, anakusanya habari. Yule mama alitazama watu, akamtazama mama.

"Miaka saba," alisema. "Hata wewe?" Akainama kuinua ndoo yake. "Basi tafuta mwingine. Mimi hapa siji tena."

Kufikia hapo sikuweza kuvumilia tena. Nilikimbia jikoni, nikavuta ndoo ya unga, nikarudi na kitambaa mkononi. Nilikifungua pale mlangoni, mbele ya wote. Vipande vitatu vya buluu.

"Maziwa hayana kosa," nilisema huku nikilia. "Nilikivunja kikombe jana. Nimepimia kile cha baba. Nilikudanganya, mama."

Mjomba alikohoa na kuanza kuangalia viatu vyake. Mama aliangalia vipande, kisha akasema kwa sauti ya chini, jambo lililoniumiza kuliko kupigiwa kelele, "Mwombe mama huyu msamaha kwanza. Mimi nitafuata."

Nilimwomba. Mama akamwomba. Mjomba, baada ya kukanyagwa mguu na baba, akaomba pia, kwa maneno machache kuliko ilivyo kawaida yake. Bibi ndiye aliyemaliza kazi. Alikuja taratibu akishikilia ukuta, akamshika muuza maziwa mkono na kusema, "Ingia, mwanangu. Huwezi kuondoka nyumba hii bila kula, hata kama chakula chenyewe bado kinaogelea."

Yule mama alijizuia kucheka akashindwa.

Baba aliviunganisha vile vipande kwa utepe mweusi wa kufungia nyaya. Kikombe kikasimama, kimeviringishwa kama mguu wa mchezaji aliyeumia. Maziwa yangevuja, kwa hiyo mama akachukua mchele. Alijaza kikombe cha kijani, akamimina katika cha buluu. Cha buluu kilijaa; akakimwaga, na mchele uliobaki ukakijaza tena hadi nusu.

"Haya, wewe wa darasa la saba," mama alisema. "Nieleze."

Nilifuta makamasi. "Cha kijani kimoja ni sawa na cha buluu kimoja na nusu. Nimeweka vinne. Kwa hiyo nimeweka sita badala ya vinne. Maziwa yamezidi nusu."

"Na dawa yake?"

"Tuongeze nusu ya mayai. Manne. Na mkate vipande vinne."

"Fanya."

Nilikwangua palipoungua, nikavuruga yote katika beseni, nikaongeza mayai manne na mkate, nikagawa katika trei mbili. Dakika arobaini baadaye nilitikisa ya kwanza. Haikucheza hata kidogo. Redio alikimbilia sebuleni. "Siyo maji tena!" alitangaza, na kwa mara ya kwanza siku ile sikumchukia.

Tulikula saa tano. Bibi alimaliza kipande cha kwanza na kuomba cha pili. Muuza maziwa alisema chumvi imepungua, na alikuwa sahihi.

"Unajua kishikio cha kikombe hiki kilikwenda wapi?" bibi aliniuliza. "Mama yako alikivunja akiwa na umri wako. Alinijia nacho mkononi, analia. Nikamgombeza, tukala, tukalala."

Nilimtazama mama. Alikuwa akitabasamu kidogo, lakini aliponigeukia tabasamu likaisha.

"Ungeniambia jana, ningekukasirikia kwa dakika tano," alisema. "Halafu tungepima mchele jana ileile, na leo ungepika kama ulivyotaka. Kuvunja chombo ni bahati mbaya, mwanangu, hata mimi nimevunja. Lakini ulipoficha, kosa lako likatafuta mtu mwingine wa kulibeba. Lilianza kwa oveni, likaenda kwa baba yako, likafika kwa mtu ambaye hana hatia, mbele ya majirani zake. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado ni lako peke yako."

Muuza maziwa alipoinuka kuondoka, mama alinikabidhi ndoo yake niibebe.

"Zunguka naye," alisema. "Kila mlango ambako habari imefika, utaeleza mwenyewe ilivyokuwa."

Nilibeba ndoo, na mdogo wangu akanifuata. Hatukuwa tumefika nyumba ya kwanza alipojaza kifua hewa na kutangaza mtaa mzima kwamba maziwa ni mazuri, na dada ndiye aliyevunja kikombe. Nilimwacha amalize, kisha nikabisha hodi kwa jirani wa kwanza na kurudia maneno yaleyale kwa mdomo wangu.