Glavu Mbili za Kushoto

Mwanamume wa Helsinki hafumi. Ataruka kwenye ziwa la barafu akicheka, lakini sindano ya kufumia hashiki. Nawaambia mimi, na Tuukka ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

Basi Tuukka, kofia hadi kwenye nyusi, alipita kibanda cha magazeti pale stesheni akamfumania dada mwenye skafu ya njano. Rafu imejaa: jarida la wafuga nyuki, la wapiga kodiani, la wavuvi wa barafuni. Dada analitoa la chini kabisa, *Puikko*, la wafumaji, na kulifunika nalo jarida nene la nyumba na mapishi, lisionekane.

"Wewe! Nakuona."

"Kama unaona, shika upande huo."

Akashika. Dada ni Venla, na *Puikko* ni lake, karithi kwa shangazi yake. Tuukka hakusema kwamba lile nene ndilo analopanga kurasa zake.

Wakapendana kwa kahawa na maandazi ya iliki, mpaka siku kampuni ya lile nene ilipotaka kulinunua *Puikko* na kulibakizia kurasa nne tu ndani ya jarida lao. Venla akaletewa sampuli. Chini yake: imepangwa na Tuukka.

Simu ya Tuukka ikaita.

"Venla, kipenzi..."

"Kipenzi chako bosi wako! Kurasa nne, Tuukka? Katikati ya keki na tangazo la mafagio?"

"Mimi napanga tu wanachoniambia."

"Umewahi kufuma nini maishani mwako?"

"Hata soksi sijafuma."

"Fuma kitu kimoja kwa kufuata *Puikko*, ndipo uje uniambie nikate nini. Na waambie siuzi!"

"Watakutoa kwenye rafu zote, mpenzi."

"Wanitoe. Miguu ninayo."

Kweli wakamtoa. Venla akabeba maboksi yake mwenyewe hadi maonyesho ya majarida, akatandika meza karibu na mlango unaoingiza baridi, ile skafu shingoni kama bendera. Meneja wa kampuni akaja na tabasamu lake. "Bado hujachoka?"

"Nikichoka nitakaa. Kuuza, siuzi."

Wafumaji wakajazana, kila mmoja akijiandikisha kuletewa *Puikko* nyumbani. Nyuma yao akatokea Tuukka, macho mekundu, kashika glavu za sufu za kijani.

"Nimekataa kuendelea kuzipanga kurasa zao. Kazi nimeacha. Ukurasa wa kumi na mbili wa *Puikko* nimeufuma wote, usikate hata mstari."

Venla akazigeuza, akaangua kicheko. "Zote za kushoto, mjinga wewe!"

"Basi vaa moja. Mkono wako wa kulia nitaushika mimi. Siku zote, ukikubali."

"Nakubali. Ila na maboksi utabeba."

Mimi nilikuwa pembeni, nacheka hadi mbavu zinauma. "Mwanaume anafuma! Tena kushoto mara mbili! Sijui kafundishwa na nani!"

Mama Helmi, muuza kahawa wa meza ya pili, akaweka birika chini. "Hujui? Si wewe niliyekuona kwenye tramu mwezi mzima, umemshika huyu mkono, ukimwambia, 'ongeza jicho la uzi hapa, ndugu yangu, sasa ya pili rudia vilevile'?"

Venla akanigeukia. Nikalisukuma begi langu chini ya meza kwa mguu. Likaenda. Uzi wa kijani ukabaki nje, umeninasa kwenye kiatu.