Macho Aliyoyaacha Mwisho

Mpaka leo mjane wa mchoraji hajui macho yale yalitoka wapi. Kwenye picha aliyoipa programu ya kuchora, binti yake alikuwa anacheka, kafumba macho. Na nyuso alizoziacha marehemu hazikuwa na macho kabisa.

Mumewe alikuwa na tabia hiyo. Alichora uso mzima, nywele, hata kovu la kidevuni. Macho aliyaacha mwisho, mpaka mwenye uso aje aketi mbele yake. Kifo kilimkuta nyuso zimejaa ukutani, zinasubiri. Baadaye paa likavuja, mvua ikaziharibu. Lakini mjane alikuwa amekwisha kuzipiga picha na kuilisha ile programu ya akili mnemba inayochora, nayo ikajifunza mkono wa marehemu. Akauhifadhi mtindo huo kati ya mitindo mingine ya programu, katuni na rangi za maji, akauita Mwenyewe. Chini yake palikuwa na kitelezi cha nguvu ya mtindo: kikiwa chini, picha inabaki ilivyopigwa, kikipanda, mkono wa mchoraji unatawala. Kwa kadi alizowatengenezea wateja hakuwahi kupita nusu.

Jioni ile ilikuwa kadi ya harusi ya binti yake. Alitaka baba mtu naye awepo.

Binti, fundi cherehani, alikuwa chumba cha pili akimalizia gauni lake mwenyewe. Trr… trr… Mama mkwe, mama wa marehemu, alikuwa mlangoni, anakunja nguo.

"Usininenepeshe, mama!" binti akapaza sauti.

"Nikunenepeshe kwa lipi, mtu mwenyewe uzi!"

Mjane akasukuma kitelezi mpaka mwisho. Uso ukatokea. Bila macho.

"Huyo mwanangu hata alipokuwa hai hakumaliza kazi kwa wakati," mama mkwe akacheka.

Mjane akabonyeza tena.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Tapentaini… mbichi, kama brashi imechovywa sasa hivi. Nyumba ile haikuwa na kopo la rangi tangu mazishi.

Kisha macho. Ya binti yake hasa, na doa la kahawia kwenye jicho la kushoto.

Cherehani ikanyamaza.

"Mama… umeme umekatika?"

Taa zilikuwa zinawaka.

"Nimejidunga sindano. Mbona giza?"

Mjane na mama mkwe walimleta wamemshika mkono, damu kidoleni, macho wazi. Mjane akateremsha kitelezi.

"Naona ukungu," binti akanong'ona.

Akateremsha zaidi.

"Naona mkono wako, mama."

Kisha kitelezi, bila kuguswa na mtu, kikaanza kupanda. Taratibu…

"Giza linarudi."

Akaifuta picha. Ikajichora upya.

Ulibaki mtindo wenyewe. Kidole cha mjane kikaganda juu ya kioo cha simu. Akiufuta, mkono wa mumewe hautachora tena popote duniani.

"Labda anataka kumwona tu, mama. Kabla hajaolewa," akamwambia mama mkwe.

"Labda," mama mkwe akasema, bila hasira. "Siku zote alitaka mtu aketi mbele yake ndipo amalize. Ila huyu hataketi huko aliko."

"Siwezi."

"Najua, mwanangu. Sogea. Mimi ndiye niliyemzaa."

Mama mkwe akabonyeza Futa. Maandishi yakatokea, akayasoma kwa sauti.

"Una hakika?"

Akainua uso, akazungusha macho chumbani.

"Nani anauliza?"

Harufu ilikuwa karibu sana sasa, kama ya mtu aliyeinama begani.

Akafumba macho, akabonyeza Ndiyo.

Binti aliolewa. Anashona, anaona vizuri. Ila lile doa la kahawia halimo tena jichoni mwake.