Macho ya Ambrose Pelling

Kioo cha picha kilikuwa na ukungu. Dorcas Pelling akakifuta kwa upindo wa gauni lake jeusi, ukungu usitoke. Ulikuwa kwa ndani.

Picha yenyewe haikuzidi yai la kuku: uso wa marehemu mumewe, Ambrose, aliyechora nusu ya wakubwa wa mji wa Bath juu ya vipande vya pembe ya ndovu, asijichore mwenyewe hata siku moja. Alipokufa, Dorcas, aliyekuwa akimsagia rangi, alikaa kando ya kitanda akamchora. Hakulia. Tangu hapo alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, lakini si wako.

Akaitundika picha juu ya meko, akaenda kunywa chai na wifi yake, Keziah, aliyekuwa akikaa naye tangu msiba.

"Nani kakohoa?" Keziah aliuliza.

"Mlango."

"Wifi, mlango ukohoe? Hicho ni kikohozi cha kaka."

"Kunywa chai, itapoa."

Sebule ikaanza kunuka gundi na udongo mbichi. Kiti cha Ambrose kikawa kinabonyea bila mtu. Keziah, aliyekuwa na mashavu mekundu kama tofaa, akaanza kupauka, na kadiri alivyopauka ndivyo mashavu ya yule wa kwenye picha yalivyoiva, mpaka mchana mmoja wa theluji, akiwa anashona dirishani, akahisi kidole gumba kikipita kwenye taya lake, polepole, kama mchoraji apimavyo uso, na alipogeuka hakuona mtu, ila ile harufu ya udongo ilikuwa imemjaa kinywani.

"Ananitumia, wifi," alinong'ona baadaye. "Ananitumia kama rangi."

Dorcas alijua yampasa kuogopa. Akaitafuta hofu moyoni, asiione. Hata hivyo akamwita Mama Loveday, mganga wa ng'ambo ya mto.

Mganga aliitazama picha bila kuigusa. "Ulimchora lini?"

"Asubuhi aliyokufa."

"Macho yalikuwa wazi?"

"Nilikuwa nimeshayafumba mwenyewe."

"Na hapa umeyafumbua." Akashusha sauti. "Mama, umefungua mlango wa nyumba isiyo na mwenyewe. Aliyeingia si mumeo. Mfumbe tena, kwa mkono wako uleule."

Dorcas akakiondoa kioo, akachovya brashi, akayachorea macho kope zilizofumba. Kitu kikaburuzika sakafuni, kikagonga meza, kikatoka nje. Harufu ikakatika. Baada ya muda Keziah alikuwa akiimba jikoni.

Ndipo Dorcas alipompakia kwenye gari la farasi arudi kwa mama yake.

"Utabaki na nani, wifi?"

"Na kazi."

"Twende wote basi."

"Nenda, Keziah. Funga shali, kuna baridi."

Nyumba ikanyamaza. Dorcas alikisogeza kiganja karibu na moto, akakiacha hapo mpaka ngozi ikaanza kuiva, asihisi kitu. Akaitoa picha kwenye fremu yake. Akalowesha ncha ya kidole kwa ulimi, akazifuta kope, kwanza moja, kisha ya pili, kwa uangalifu asiiharibu rangi ya chini. Alijua si Ambrose.

Pumzi ya baridi ikamgusa shingoni. Ilikuwa kitu cha kwanza alichokihisi tangu mazishi. Dorcas akakaa wima, akageuza uso upande wa mwanga, kama mtu anayengoja kuchorwa.