Boti Iliyotoka Duluti

Nilikuwa nimetumwa kumwita mume wangu aje kula. Ndizi zilikuwa zimeiva, jua linazama, na mama mkwe ameshaanza kunung'unika jikoni. Nikafunga kanga, nikashuka ziwani.

Kutoka kwetu Akheri mpaka ziwa Duluti si mbali. Unapita mashamba ya kahawa, unaingia msituni, kisha njia inateremka ghafla. Ziwa lenyewe limekaa ndani ya shimo. Miti imelizunguka pande zote, na upepo haufiki.

Enzi zile za Mwingereza, mashamba mengi ya upande ule yalikuwa ya walowezi. Mmoja wao alikuwa Mgiriki, Bwana Aristides, aliyefiwa na mke na hakuwa na mtoto. Alizaliwa kisiwani, huko kwao, na uzeeni bahari ikamrudia kichwani. Akaamua kuunda boti ya injini, aipeleke Tanga kwa treni, kisha ashuke nayo pwani yote hadi Lindi, akipita ndani kwa ndani kwenye mikono ya bahari, kule kwenye mikoko, ambako mawimbi hayafiki. Safari ya kujifurahisha tu.

Mume wangu, Sadoki, ndiye aliyekuwa seremala wake. Bwana alitaka twende naye sote wawili, Sadoki aiangalie boti, mimi nipike. Tulikuwa tumefunga ndoa mwaka huo huo na bahari nilikuwa sijawahi kuiona. Nilifurahi mno.

Mti mmoja tu ndio ulioleta maneno. Mkuku wa boti, yaani lile gogo refu la chini linaloshika mbao zote, ulitoka kwenye mringaringa uliosimama ukingoni mwa Duluti, mizizi ndani ya maji. Baba mkwe wangu, Mzee Melkizedeki, mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, alimkataza Sadoki asiukate. Hakutoa sababu. Bwana akasema shamba ni lake na mti ni wake. Sadoki akaukata.

Basi jioni ile nilipofika ukingoni, boti ilikuwa inaelea, imefungwa kwa kamba. Sadoki sikumwona. Nilimwona mwanamke. Alikuwa ameketi juu ya kisiki cha ule mringaringa, amenipa mgongo, miguu majini. Palikuwa na harufu ya tope. Tope la kale, lililofunikwa muda mrefu.

Nilimsalimu. Hakuitikia.

"Mti huu unakwenda wapi?" aliuliza. Kimeru chake kilikuwa cha zamani, kama cha bibi zetu.

"Pwani, mama."

"Kwa maji?"

"Ndiyo. Kwa maji."

Akasema taratibu, "Maji ni mamoja."

Nyuma yangu Sadoki akaniita, anateremka na msumeno begani. Niligeuka kumtazama. Nilipogeuka tena, kisikini hapakuwa na mtu. Na maji hayakuwa na hata kiwimbi kimoja.

Nilimweleza Sadoki tukiwa njiani. Alicheka, akasema labda ni mwanamke wa kijiji cha Kikwe aliyepotea njia. Nami nikataka iwe hivyo.

*

Tanga tulifika salama, na siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Boti ilikata maji kama kisu. Mchana tulipita kati ya kuta za mikoko, kaa wanakimbia juu ya tope, Bwana Aristides ameshika usukani na kuimba nyimbo za kwao. Sadoki alinishika mkono waziwazi, jambo ambalo nyumbani asingelifanya. Nakumbuka nilimwambia kwamba sitaki kurudi.

Halafu, tulipokwisha kuipita Pangani, tuliingia kwenye mkono mmoja wa bahari ili tutie nanga. Jua lilikuwa linazama. Nikiwa nawasha moto wa kupikia, nikasikia harufu...

Maua ya kahawa.

Aliyekulia Meru hawezi kukosea harufu ile. Nilimtazama Sadoki. Alikuwa amesimama, pua juu, kama ng'ombe aliyesikia mvua.

"Unasikia?" nilimnong'oneza.

"Nasikia."

Giza lilipoingia, harufu ikaisha.

Jioni ya pili ilikuja baridi. Si baridi ya pwani. Ilikuwa ile ya mlimani, inayopita kwenye nguo na kukaa kwenye mifupa, na ukungu ukashuka juu ya mikoko. Sadoki alichota maji ubavuni mwa boti ili anawe. Akayaonja. Kisha akainamia ndoo, akanywa, akanywa, mpaka nikamvuta shati.

"Ni matamu," alisema. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Onja, Eunike. Ni maji ya nyumbani."

Sikuonja. Nilimwendea Bwana, nikamsihi turudi Tanga.

"Mimi hapana ona kitu," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. Lakini hakunitazama usoni. Baadaye nilimsikia akiomba kwa lugha yao.

Kesho yake hata yeye alikubali turudi. Tangu asubuhi alielekeza boti nje, bahari kuu. Tulikwenda mchana kutwa. Nilikuwa nayaona mawimbi makubwa kwa mbali, meupe, na kila tulipoyakaribia njia ilikunja tena kuingia kwenye mikoko. Bwana akazungusha usukani mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Boti haikumsikiliza. Ilikwenda inakotaka, taratibu, kama ng'ombe anayerudi zizini. Niliweka kiganja sakafuni. Chini ya mbao, lile gogo la mringaringa lilikuwa linatetemeka.

Jua lilipogusa miti, injini ikazima.

Kimya.

Mikoko ya mbele yetu ikawa myembamba. Nyuma yake niliona migomba. Na nyuma ya migomba, ukuta wa shimo la Duluti, miti yake yote, na ile njia ya kuteremkia... Kisiki pia kilikuwepo. Nilifumba macho, nikayafumbua. Vilikuwa bado pale.

Nilichukua kamba ya nanga ndogo, nikamfunga Sadoki kiunoni, nikakaza fundo, na ncha ya pili nikaifunga kwenye mlingoti mfupi wa mbele. Hakubisha. Aliniacha nimfunge kama mtoto anayevalishwa nguo.

"Usiitike," nilimwambia. "Lolote litakalokuita, usiitike."

"Sitaitika."

Sauti ilitoka kwenye migomba. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mama anayewaita watu waje kula.

"Sadoki..."

Aliuma mdomo mpaka damu ikatoka. Nilimziba masikio kwa viganja vyangu. Bwana Aristides alikuwa amepiga magoti nyuma, uso kwenye mikono.

"Sadoki..."

Kisha ikaniita mimi.

"Eunike."

Jina langu likaniingia kifuani. Siwezi kulieleza vizuri. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, na sauti ilikuwa imeshafika kooni, wakati Sadoki alipoondoa mikono yangu masikioni mwake na kunifunika mdomo.

"Abee," aliitika, kwa sauti kama yangu.

Halafu kwa sauti yake mwenyewe, "Naam."

Akashuka majini.

Yalimfika magotini tu. Pale ambapo nanga kubwa, tuliyoitupa injini ilipozima, ilikuwa haijagusa chini, yalimfika magotini. Alitembea. Hakugeuka nyuma. Kamba ikanyooka, ikakaza, boti ikaanza kuinama upande mmoja. Masufuria yalianguka. Maji yakaingia. Nilishika kamba nikavuta kwa nguvu zangu zote, na mikono ikachubuka, na sikuweza kumrudisha hata hatua moja. Kilichokuwa kinamvuta hakikuwa na haraka.

"Tutakufa," alisema Bwana Aristides.

"Subiri, Bwana. Nakuomba. Subiri kidogo."

Hakusubiri. Alikata kwa kisu cha samaki.

Boti ikarudi sawa kwa kishindo. Nilipoinua kichwa hapakuwa na migomba. Mikoko tu, na kaa, na harufu ya chumvi.

*

Tuliporudi Pangani Bwana alisema fundi wake ameteleza akaanguka majini. Walitafuta. Hawakupata kitu. Alinipeleka Tanga, akaniweka kwenye treni ya Arusha, naye akabaki pwani. Shamba lake liliuzwa na sikumwona tena.

Ndani ya treni, njia nzima, nilikuwa najifunza maneno. Nilitaka kujua nitaanzaje kumwambia mama yake. Nilijaribu hivi, nikajaribu vile, midomo inacheza, watu wananitazama.

Sikuyatumia maneno yale.

Nilipoingia uani Akheri, mama mkwe alikuwa amenyoa nywele. Chini ya migomba palikuwa na kaburi, udongo wake bado mbichi. Wanawake waliokuwa wameketi pale walinitazama, kisha wakatazama pembeni.

"Umechelewa," alisema mmoja. "Mume wako tumekwisha kumzika."

Walikuwa wamemkuta Duluti. Wachota maji walimwona alfajiri, siku ile ile iliyofuata jioni niliyoisimulia, anaelea kando ya kisiki. Kamba ilikuwa kiunoni, imekatwa kwa kisu. Kulikuwa na watu waliotaka kujua nani alimfunga na nani alimkata, na kwa nini mimi sikuwepo. Polisi walikuja kutoka mjini wakaniuliza hayo hayo. Niliwaambia ukweli wote. Waliandika kidogo, wakaacha kuandika, wakaondoka.

Mzee Melkizedeki alisubiri watu wapungue, ndipo akaniita pembeni.

"Nilimwosha mimi mwenyewe," alisema. "Nywele zake zilikuwa na chumvi. Nimeishi hapa maisha yangu yote, najua Duluti haina chumvi. Mimi nakuamini, mwanangu."

Nililia kwa mara ya kwanza.

Akanieleza alichokijua, nacho kilikuwa kidogo. Zamani, kabla ya misheni, mvua ilikataa. Watu wakamsingizia mwanamke mmoja wa ukoo wao kwamba ameifunga. Wakamfunga yeye chini ya mizizi ya mringaringa ule, akiwa hai, maji yakipanda. Mti ndio uliokuwa umemshika. Kwa nini amtake Sadoki, au aliwataka wangapi, baba yake Mzee hakumwambia, na labda hakujua.

Nikamweleza kuhusu majina. Jinsi sauti ilivyoniita, na jinsi Sadoki alivyoitika mara mbili.

Mzee aliishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo nimeokoka, Baba? Alikwenda kwa ajili yangu?"

"Anayeitika ndiye anayekwenda," alisema. "Hilo tuliambiwa. Lakini mtu kuitikiwa na mwenzake..." Akatikisa kichwa. "Sijui, mwanangu. Inawezekana amekulipia. Inawezekana pia amekukubalia tu, nawe bado unangojwa."

Nimezeeka sasa. Hakuna aliyeweza kunijibu zaidi ya hapo, si mchungaji, si mganga. Jioni watoto wa jirani wakiniita kwa jina, siitiki. Huwa nanyamaza mpaka waje wenyewe mlangoni, niwaone nyuso.